Uji anakunywa, mbona hakui? Tumbo la mtoto na fumbo la udumavu Iringa

Kila tunapofungua simu katika kipindi cha asubuhi na mada ikawa watoto, swali la kwanza huwa tumbo. Mtoto hajapata choo siku ya tano. Mtoto anaharisha tangu aanze uji. Mtoto analia usiku kucha, bibi yake anasema ni chango. Wiki iliyopita mama mmoja wa Ilula alitupigia akiwa shambani, upepo ukivuma kwenye simu yake, akauliza jambo lililonifanya nikae chini niandike makala haya: "Dada, mwanangu ana mwaka na mwezi. Anakunywa uji vikombe vitatu kwa siku na anashiba kabisa. Kliniki wananiambia hakui. Sasa huo uji unakwenda wapi?"

Sijawahi kusikia kiongozi yeyote akiuliza hivyo, ingawa takwimu zimekuwa mezani miaka mingi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34, kwa hiyo nchi imesogea. Lakini Iringa ilikuwa asilimia 57, juu kuliko mkoa mwingine wowote. Njombe na Rukwa zilifuata, kila mmoja karibu nusu ya watoto wake. Hii ndiyo mikoa inayojaza maghala ya taifa kwa mahindi. Ukienda Makambako msimu wa mavuno utaona malori yamepanga foleni, na parachichi za Njombe zinapanda ndege kwenda Ulaya.

Maelezo tuliyozoea kusikia ni kwamba wazazi ni wazembe, wanauza chakula chote au wanakunywa ulanzi. Yapo hayo, siyakatai. Ila mama wa Ilula hakuwa mlevi na ndani kwake kulikuwa na debe la mahindi. Jibu la swali lake linaanzia mahali padogo sana, tumboni mwa mtoto wake.

Kikombe kimoja tu

Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban mililita 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo nane, basi, anajaa kwa mililita 240. Hicho ni kikombe kimoja cha chai kisichofika ukingoni. Ukizidisha, anatapika au anageuza uso.

Sasa tuupime uji. Uji mwepesi tunaowapa watoto, ule unaoweza kunywewa kwa kikombe, huwa na unga kama gramu 20 kwa kikombe kizima. Unga huo unatoa nishati ya kalori 70 hivi. Kilichobaki ni maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anayenyonya anahitaji kalori kama 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na zile anazopata kwenye maziwa ya mama. Kwa uji wa aina hiyo atahitaji vikombe karibu vinane. Mtoto wa Ilula anapata vitatu, kwa sababu mama yake anatoka kwenda shamba alfajiri na kurudi alasiri. Kalori 210. Anashiba kweli, mama hakudanganya, lakini anashiba maji.

Basi tuukaze uji? Ndipo wengi wanapokwama. Wanga wa mahindi ukipikwa hunyonya maji na kuvimba, na ukiongeza unga unapata kitu kama gundi, ambacho mtoto wa miezi minane hawezi kukimeza vizuri. Mama akiona mtoto anapaliwa, anaongeza maji. Tunarudi palepale.

Wazee wetu walikuwa na njia, na nasikitika kwamba kizazi changu kimeiacha kwenye pombe tu. Ni kimea. Ulezi au mtama ukilowekwa, ukaachwa uchipue, ukakaushwa na kusagwa, unakuwa na vimeng'enya vinavyoukata wanga vipande vipande. Chukua uji mzito uliokwisha kuiva, uache upoe kidogo, tia kijiko cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika chache unalegea mbele ya macho yako bila tone la maji kuongezwa. Unaurudisha jikoni uchemke tena, maana kimea kibichi kinaweza kubeba vimelea. Mtoto anakunywa kikombe kilekile kikiwa na unga mara mbili au zaidi.

Hili si jambo geni hapa. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe mkoani Iringa, serikali ikishirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia. Watoto walipimwa uzito vijijini, matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe, na katika miaka hiyohiyo Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa ikihimiza kimea kwa uji wa watoto. Utapiamlo mkali ulishuka sana katika vijiji vilivyohusika. UNICEF ilichota kutoka Iringa mchoro wake wa kueleza sababu za utapiamlo, ambao hadi leo hutumiwa duniani kote. Mkoa uliofundisha dunia leo ndio wa mwisho darasani. Kila nikilifikiria hilo nakosa maneno, na mimi kazi yangu ni maneno.

Ndugu yake kimea ni togwa. Watafiti waliofanya kazi hapa Tanzania miaka ya 1990 waligundua kwamba watoto waliopewa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko waliopewa uji wa kawaida. Ule uchachu ni asidi, na vijidudu vingi vya kuharisha haviipendi. Nazungumzia togwa ya siku moja, tamu, iliyotokana na uji uliopikwa vizuri, kwa mtoto aliyevuka miezi sita. Ikianza kupanda kichwani hiyo ni kitu kingine.

Kabla ya miezi sita

Kuna mama alinitumia ujumbe mfupi akijivunia kwamba mtoto wake wa miezi mitatu "anagonga uji" na analala usiku mzima. Namwelewa. Usingizi ni mali. Lakini utumbo wa mtoto wa miezi mitatu bado haujawa tayari. Kongosho lake linatoa kidogo mno kile kimeng'enya cha kuvunja wanga, kwa hiyo sehemu ya uji hupita bila kusagwa, bakteria wa utumbo mpana wanaukuta na kuuchachusha, na hapo ndipo gesi, tumbo gumu na kilio. Kisha tunasema ni chango, tunakimbilia dawa ya gesi dukani au maji ya majani. Kila tone la hayo linachukua nafasi ya maziwa, na maji yenyewe huenda yakaja na vijidudu.

Maziwa ya mama yana karibu kila kitu, pamoja na kinga inayopaka kuta za utumbo, ndiyo maana hata yale ya mwanzo ya njano si ya kukamuliwa na kumwagwa. Mtoto anayenyonya tu anaweza kupata choo mara sita kwa siku, na akishavuka wiki sita anaweza kukaa hata wiki bila choo. Kama kikitoka ni laini, ananyonya, anakojoa na anaongezeka uzito, hajafunga choo. Na kile kilio cha jioni kinachoanza akiwa na wiki mbili tatu, kikapamba moto kwenye wiki ya sita, mara nyingi huisha chenyewe akifika miezi mitatu au minne. Dawa iliyopewa wakati huo ndiyo inapata sifa.

Asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya tu mwaka 2022. Waliobaki tusiwarushie mama zao mawe haraka. Sheria ya ajira inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Serikali inamwambia mama anyonyeshe miezi sita, halafu inamwita kazini baada ya mitatu. Sheria hiyohiyo inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, jambo zuri kama unaishi jirani na ofisi. Mimi nilirudi studio mwanangu akiwa na wiki 12, nikawa nakamua maziwa chooni katikati ya taarifa ya habari na matangazo ya biashara, kwa sababu hapakuwa na chumba kingine chenye kitasa. Na mimi nina ajira. Mama anayeuza nyanya sokoni au kulima kwa kibarua hana hata hizo siku 84.

Unga wa nafaka tisa

Mwanangu alipofika miezi saba nilinunua unga wa lishe dukani. Pakiti ilikuwa nzuri, picha ya mtoto mwenye mashavu, na maandishi kwamba una mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, korosho na mbegu za maboga. Nikajiona mama bora. Siku ya nne mtoto akaanza kujikamua hadi uso ukawa mwekundu, na kilichotoka kilikuwa vigololi vyenye damu kidogo pembeni.

Wataalamu wa lishe nchini wamekuwa wakionya kuhusu mchanganyiko huu kwa muda sasa, ila pakiti zinaongezeka madukani kuliko sauti zao. Tatizo si nafaka nyingi kwa kuwa nyingi. Kwanza, kila kimoja kina muda wake wa kuiva. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa vya kutosha ina kizuizi kinachozuia utumbo kusaga protini, na uji unaotokota dakika kumi hauivishi soya mbichi. Pili, nafaka, mikunde na mbegu zote zina kitu kinachoyashikilia madini ya chuma na zinki yasifyonzwe, na kuzirundika pamoja bila kuloweka wala kuchipusha ni kujaza pakiti madini yanayotoka na choo. Tatu, mtoto akipata shida hujui ni karanga, ni ngano au ni nini.

La nne ndilo linanitisha zaidi, sumukuvu. Hii ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Haionekani ikishasagwa, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 iliwaua watu 20 kati ya 68 walioripotiwa kuugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi na karanga ndivyo hasa viungo vikuu vya unga wa lishe, na anayeula kila siku, mara tatu, ni mtu wa kilo nane. Anayesaga mwenyewe achague punje moja moja na kutupa zilizopasuka, zilizosinyaa au zenye rangi ya ukungu, asizipe hata kuku. Pakiti isiyo na nembo ya TBS na tarehe iache rafuni.

Pakiti kubwa za kimataifa nazo zina lao. Aprili 2024 shirika la Uswisi la Public Eye, likiwa na mtandao wa IBFAN, lilionyesha kwamba nafaka za watoto za Cerelac zinazotengenezwa na Nestlé zilikuwa na sukari iliyoongezwa katika nchi nyingi za Afrika na Asia, wakati zile za watoto wa Uswisi hazikuwa nayo.

Kilichomsaidia mwanangu kilikuwa parachichi, papai na maji kidogo ya kunywa, na kurudi kwenye uji wa unga mmoja wenye kimea. Choo kigumu kwa mtoto anayeanza kula ni jambo la kawaida sana. Utumbo uliokuwa ukipokea maziwa unapewa ghafla wanga mkavu. Ndizi ambazo hazijaiva vizuri huongeza tatizo, na maziwa ya ng'ombe mengi pia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekunywa lita ya maziwa kwa siku hana nafasi ya chakula, na maziwa hayo hayana madini ya chuma ya kutosha, hivyo unapata mtoto mnene, mweupe wa midomo, mwenye choo kama jiwe.

Madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto hupungua sana akifika miezi sita, na uji hauyarudishi. Yai, maini, dagaa waliosagwa, nyama iliyochambuliwa nyuzi nyuzi vinarudisha, na si lazima asubiri meno. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi sita hadi 23 apate chakula cha asili ya wanyama kila siku, pamoja na matunda na mboga. Yai moja lina kalori sawa na kikombe kizima cha ule uji mwepesi, na linatoshea kwenye kiganja. Kijiko kidogo cha mafuta kwenye bakuli kinaongeza kalori 40. Asali mwache mpaka avuke mwaka, kwa kuwa inaweza kuwa na kijidudu kinacholegeza misuli ya mtoto mchanga hadi ashindwe kupumua.

Anapoharisha

Mtoto anayeharisha anapoteza njia ya kufyonza chakula kabla hajapoteza hamu ya kula. Kuta za utumbo zina vinyweleo vidogo vinavyonyonya virutubisho, na kila ugonjwa unavikwangua. Akiugua tena kabla havijaota upya, anabaki nyuma. Kwa hiyo desturi ya kumnyima chakula "tumbo lipumzike" inamwumiza. Aendelee kunyonya, apewe chakula kidogo kidogo mara nyingi, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi na salama, si kikombe, na inayobaki baada ya saa 24 humwagwa. Zinki hutolewa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Chanjo ya rota, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2013, hupunguza aina moja kali ya kuharisha, si zote.

Halafu kuna meno ya plastiki. Mwanangu aliharisha akiwa na miezi minane, homa juu, na jamaa wa upande wa baba yake wakamfungua mdomo. Wakaona vinundu vyeupe kwenye fizi, pale meno ya chonge yatakapoota. Fundi alikuwa ameshapigiwa simu. Namheshimu mama mkwe wangu, ananipenda, na usiku ule nilikuwa nimechoka kiasi cha kukubali. Kilichoniokoa ni kwamba fundi alichelewa basi. Vinundu vile ni meno halisi yanayojiandaa, kila mtoto anavyo. Kuvichimba kwa spoku ya baiskeli kunaleta damu nyingi, tetenasi na maambukizi, na watoto wamekufa kwa hilo. Kuharisha huku kuna sababu nyingine. Miezi minane ndio umri wa kutambaa, mikono yenye udongo na mavi ya kuku inakwenda mdomoni, na uji wa asubuhi uliokaa kwenye chupa hadi saa nane mchana unazaa vijidudu.

Mtu atasema basi tujenge vyoo na kugawa sabuni, udumavu utaisha. Nami nilifikiri hivyo. Lakini utafiti mkubwa wa Zimbabwe uitwao SHINE, uliochapishwa mwaka 2019, uliwapa kaya vyoo, sabuni na dawa ya maji, na urefu wa watoto haukubadilika. Kule walikopewa ushauri wa ulishaji na kirutubisho cha ziada, udumavu ulishuka kutoka asilimia 35 hadi 27. Utafiti kama huo magharibi mwa Kenya ulipata picha inayofanana na hiyo. Wanaofuatilia jambo hili wanadhani vyoo na sabuni vya kiwango kile ni kidogo mno kwa uchafu uliopo, mtoto anahitaji maji ya bomba na uwanja usio na kuku. Na hata chakula kizuri, angalieni, kilipunguza sehemu tu.

Septemba 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe na Rais Samia Suluhu Hassan, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka kutoka mapato yao ya ndani. Kwa bei za soko letu hapo ni mayai mawili au matatu. Fedha hizo hazikukusudiwa kununua mayai, najua, ni za vitamini A, upimaji na elimu. Lakini elimu hiyo inatolewa kliniki, saa tatu asubuhi, kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni na anayewaza palizi. Baba anayeamua debe lipi liuzwe na kuku yupi achinjwe hayupo kwenye benchi lile.

Mama wa Ilula nilimpigia baadaye, nje ya hewa. Nyuma ya nyumba yake kuna mparachichi na kuku wanne wanaotaga, mayai anauza kununua chumvi na sabuni. Tumekubaliana mayai matatu kwa wiki yabaki, nusu parachichi kila siku wakati wa msimu, na ulezi ameshauloweka. Mtoto ana kliniki tarehe 12.

Usisubiri tarehe ya kliniki, wala kipindi chetu, kama mtoto ana damu kwenye choo, anatapika kila anachopewa, macho yamedidimia, hanyonyi, ana degedege, amelegea haamki vizuri, au tumbo limevimba na kuwa gumu. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.